Kiti cha Saba

Mke wangu Ardis aligombea kiti kwenye bodi ya shule kwa sababu ya hofu, na kampeni nzima ikapita bila kumwambia mtu hata mmoja kwamba ana hofu. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Kwetu Texas, kusini kabisa, mtu akiogopa anapiga kelele, majirani wanajaa uani, shangazi analia, mambo yanajulikana. Hawa watu wa Torsvold, mji wa kwao Ardis, wakiogopa wanachemsha kahawa.

Nilikuja huku kaskazini kijana, na wazazi wangu, kupalilia viazi sukari, vile vinavyotengenezewa sukari, na wao waliporudi mimi nikabaki. Nimeoa kwao, tunaalikana na kuzikana, na bado wananishinda.

Hofu yenyewe ilikuwa hii. Binti yetu Marit alikuwa na miaka saba, na ana kifafa. Hakimjii kila siku. Hupita hata mwezi mzima tukaanza kujidanganya, halafu asubuhi moja kijiko kinamtoka mkononi, macho yanapanda juu, mwili wote unakakamaa. Hapo inabidi alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, na mtu aangalie saa. Zikipita dakika tano hajatulia, apuliziwe dawa puani, na anayempulizia awe amefundishwa. Karakana yangu ya matrekta iko mkabala na shule ya Torsvold. Kifafa kikimjia darasani, mwalimu wake alikuwa akipeperusha kitambaa chekundu dirishani, na kabla hajakishusha mimi nimeshavuka barabara, mikono imejaa grisi.

Sasa bodi ya shule za wilaya yetu ina viti saba. Watoto wamepungua, fedha zimepungua, na kukawa na mpango wa kuifunga shule ya Torsvold ili watoto wapelekwe Brandvik kwa basi. Ni karibu saa nzima ya njia barabara ikiwa kavu. Theluji ikianguka, Mungu ndiye ajuaye. Ndani ya basi mtu mzima ni dereva peke yake, macho barabarani, na watoto wote wako nyuma ya kisogo chake. Nililiona basi hilo kila nilipofumba macho, na nikaona kijiko kikianguka.

Wajumbe watatu walitaka shule ifungwe, watatu hawakutaka. Wa saba alifariki kiangazi hicho. Atakayekaa kwenye kiti chake ndiye angeamua. Waliojitokeza walikuwa wawili, Ardis na Orrin Skaar.

Orrin angekuwa mtu mbaya ningelala vizuri. Lakini ni jirani yetu, mjane, mkulima aliyestaafu, mtu mrefu anayetembea kama anaomba ruhusa ya kupita. Marit akiwa bado mchanga, gari letu liliteleza likaingia mtaroni katikati ya dhoruba ya theluji. Kabla sijapata hata wa kumpigia simu nikaona taa za trekta. Orrin akatuvuta, akakunja mnyororo wake, akaondoka. Nilipomfuata kesho yake kumshukuru akaniambia alikuwa anapita tu. Kwenye dhoruba ile, anapita tu!

Naye aliamini kwa moyo mweupe kwamba shule lazima ifungwe. "Shule mbili zenye njaa hazifundishi," alikuwa akisema. "Afadhali moja ishibe." Ukimsikiliza sana unaanza kumwelewa, kwa hiyo mimi sikumsikiliza.

Waswahili wamesema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nadhani msemo huo ulizaliwa Torsvold ukapotea njia. Kujitembeza kwa Ardis kulikuwa mateso. Tulibisha hodi nyumba hadi nyumba, mimi nimebeba vibao vyenye jina lake vya kuchomeka kwenye nyasi, yeye amebeba keki. Tukikaribishwa kahawa alikataa, tukikaribishwa tena akakataa, mara ya tatu akakubali nusu kikombe, maana ndiyo adabu yao. Kisha wakaongea juu ya mvua. Saa nzima mvua. Tukiwa tumesimama mlangoni tayari kuondoka, Ardis aliangalia viatu vyake akasema, "Labda mmesikia nimejiandikisha kwa ile nafasi." Nao wakajibu, "Tumesikia, tumesikia." Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa kampeni.

Vibao walivichukua wote. Nikafurahi, nikasema tumeshinda. Wiki iliyofuata nikapita mtaani na pikapu yangu, nikaona kila uwanja una vibao viwili, cha Ardis na cha Orrin, bega kwa bega, nyumba hadi nyumba. Nikasimama kwa mama mmoja mzee aliyekuwa anafagia majani.

"Mama, samahani. Naona kibao cha Ardis hapo, na cha Orrin pembeni yake."

"Ndiyo. Vinapendeza, sivyo?"

"Vinapendeza. Sasa kura utampa nani?"

Aliniangalia kama nimemuuliza ana kilo ngapi. "Ingia unywe kahawa, Eliseo," akasema.

Hakuna hata mmoja aliyenijibu. Nilikuwa nikilala naorodhesha watu kichwani, huyu wetu, huyu si wetu, huyu alitabasamu lakini huyu hutabasamu hata msibani. Nilianza kung'ata kucha, tabia niliyoiacha utotoni.

Wiki mbili kabla ya uchaguzi wagombea wakaitwa kwenye ukumbi wa michezo wa shule waulizwe maswali. Viti vilijaa. Kwenye meza ya nyuma kulikuwa na mabakuli ya tambi na nyama ya kusaga yaliyookwa, maana watu hawa hawawezi kukusanyika bila kitu cha kuokwa. Mkulima mmoja akasimama akauliza swali ambalo kila mtu ukumbini alijua jibu lake.

"Ardis, kwa nini unakitaka kiti hiki?"

Nikajisemea moyoni, sasa. Sema sasa. Ardis akasimama, akalainisha sketi yake kwa viganja.

"Basi… nilifikiri labda naweza kusaidia kidogo. Kama hakuna mwingine. Shule yetu si mbaya."

Akakaa. Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Orrin naye akasimama, kofia mkononi. "Ardis amesema vizuri kunishinda," akaanza. "Mimi naona hesabu hazituruhusu kubaki na shule mbili. Naweza kuwa nimekosea." Wakapigiwa makofi sawasawa, kama yamepimwa kwa mizani. Nimehudhuria mazishi yenye ushindani zaidi ya mkutano ule.

Ndani ya pikapu sikungoja hata kuwasha injini.

"Ardis, wewe unagombea au unaomba radhi?"

"Ulitaka niseme nini?"

"Ukweli! Sema mtoto wetu anaanguka, na kwenye basi hakuna wa kumshika!"

"Wanajua."

"Wanajua, lakini hawajakusikia wewe ukisema. Mficha maradhi, kilio humfichua!"

"Siwezi kusimama mbele za watu nikamtandaza mtoto wangu kama nguo za mnada."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mke wangu."

"Nimeinama, Eliseo." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nimebisha hodi mji mzima. Kwetu hapa hiyo si kuinama, ni kulala kifudifudi."

Nikawasha gari. Nilimwona kwenye mwanga wa taa za barabarani, anaminya kidole kimoja baada ya kingine. Alikuwa na hofu kama mimi, pengine kunizidi. Tofauti yetu ni kwamba yangu ilikuwa na mdomo.

Siku ya kura tulikwenda pamoja kwenye jengo la zimamoto, ambako magari yalikuwa yametolewa nje ili watu wapate nafasi. Nilipiga yangu nikatoka upesi, nikasimama kwenye upepo. Ardis alichelewa. Watu watatu walioingia baada yake wakatoka kabla yake. Alipotoka, uso ulikuwa mwekundu hadi masikioni.

"Vipi?"

"Tayari."

"Mbona umekawia?"

"Kalamu ilikuwa haiandiki vizuri," akasema, akaingia garini.

Asubuhi iliyofuata simu ikalia nikiwa chini ya trekta. Alikuwa Lorraine, karani wa bodi. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa taarifa za hali ya hewa. Ardis amepata kura mia nne na kumi na mbili. Orrin amepata mia nne na kumi na mbili. Wamezihesabu tena na tena. Sheria inasema wakilingana, mshindi apatikane kwa bahati. Wangerusha sarafu siku ya Ijumaa, saa saba mchana, ofisini Brandvik.

Sarafu! Nilikaa chini pale pale kwenye mafuta. Kichwa cha mwanangu kilikuwa kinakwenda kuamuliwa na sarafu ile ile ninayoitia kwenye mashine ya soda.

Mpaka Ijumaa sikula kitu kikakaa. Marit aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo, tumbo. Akaniletea mwanasesere wake nilale naye, na nikalala naye, mwanamume mzima.

Ofisini tulikuwa wanne, Lorraine, Orrin, Ardis na mimi. Mezani palikuwa na sahani ya biskuti na birika la kahawa. Orrin alikuwa amevaa suti, pengine ile aliyomzikia mkewe, na kofia anaizungusha mikononi. Lorraine akasoma kifungu cha sheria. Akachukua sarafu.

"Kabla ya hapo," Orrin akasema, "kuna jambo ningependa lisemwe."

Lorraine akaiweka sarafu mezani.

"Nilijipigia kura mwenyewe."

Kwa watu wa kwingine hilo si neno. Mgombea asipojipigia yeye, ampigie nani? Lakini Torsvold ilikuwa kama ametuambia ameiba sadaka. Ada yao ya zamani ni kwamba unampigia mpinzani wako, naye anakupigia wewe, kura zinafutana, hakuna aliyejikweza. Baba yake Ardis alikaa kwenye baraza la mji maisha yake yote na akafa bila kujipigia kura hata mara moja. Walilitaja hilo kwenye mazishi yake, kabla hata ya kutaja watoto.

"Baba yangu angenichapa," Orrin akaendelea. "Lakini nilisimama pale nikawaza, kama naamini jambo hili, basi sharti niliamini mpaka kwenye karatasi ya kura. Tangu siku ile silali. Ningefanya ilivyo ada, Ardis, leo ungekuwa umeshinda. Nilitaka ujue kabla."

"Hayo! Mmesikia!" Nilikuwa nimeshasimama. "Lorraine, umesikia mwenyewe!"

"Si kosa kisheria, Eliseo," Lorraine akasema.

"Hakuna ubaya, Orrin," Ardis akasema. Alikuwa anaziangalia biskuti. "Mimi nilikupigia wewe."

Gurudumu la trekta liliwahi kuniangukia mguuni likanivunja mifupa miwili. Sikuumia kama nilivyoumia pale.

"Ulifanya nini?"

"Nilimpigia Orrin. Ndivyo inavyofanywa."

"Ardis. Mtoto."

"Si hapa, Eliseo."

Orrin alikuwa amepauka. Nadhani alielewa wakati ule ule nilioelewa mimi kwamba kwa kura ile moja ya heshima alikuwa amepewa nusu ya kiti. Lorraine, maskini, akashika tena sarafu kwa sababu hakuwa na kingine cha kushika.

"Nani atachagua upande wa sarafu, kichwa au ndege?"

"Achague Ardis," Orrin akasema.

"Hapana, Orrin ni mkubwa kwangu."

"Mwanamke kwanza."

"Yeye ndiye aliyejiandikisha wa kwanza."

"Hapana, kwa kweli, achague Ardis."

"Jamani, mmoja wenu achague," Lorraine akasema. "Kahawa inapoa."

"Kichwa!" nikapiga kelele. "Chagua kichwa, mama, chagua chochote!"

"Bwana Cantú, wewe si mgombea," Lorraine akaniambia.

Ardis akatikisa kichwa. Alikuwa amebana midomo na machozi yamemjaa, na hata hivyo akasogeza kiganja kumwelekea Orrin, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Mara tatu alikuwa amekaribishwa, na sikuelewa kwa nini safari hii ya tatu haikutosha.

"Ndege, basi," Orrin akasema, kwa sauti ambayo nusura isisikike.

Sarafu ikapanda, ikashuka, ikabiringika mezani ikagonga sahani ya biskuti. Lorraine akainama kuitazama. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Ndege," akasema.

Tukarudi Torsvold. Pande zote mbili za barabara mashamba yalikuwa yameshavunwa, udongo mweusi mpaka upeo wa macho. Katikati ya njia nikashindwa kujizuia.

"Umemtoa mtoto kafara ili usionekane huna adabu."

"Simamisha gari."

Nikasimamisha. Ardis akashuka, akavuka mtaro, akaingia shambani na viatu vyake vya kanisani. Nilidhani anakwenda kutapika. Akasimama katikati ya udongo ule akapiga kelele. Miaka kumi na moja ya ndoa sikuwahi kumsikia akipaza sauti, hata alipokuwa anajifungua. Alipiga kelele mpaka akainama, akashika magoti, akavuta pumzi, akapiga tena. Upepo ukaichukua yote. Mimi niliyekuwa nataka kelele siku zote nilikaa garini nimeshika usukani, naogopa kumkaribia.

Alirudi na matope mpaka kwenye vifundo vya miguu.

"Niliposhika ile kalamu nilimwona baba," akasema. "Nikajiambia kura moja haiwezi kuwa kitu. Nilianza kujaza kiduara cha jina langu, Eliseo. Mkono ulikataa. Nilisimama pale nikasikia aibu, kama nimevua nguo." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Unayoyasema ni kweli. Nimeyasema mwenyewe kabla yako. Twende, Marit anakaribia kutoka shule."

Nilimpa kitambaa cha kufutia mikono yenye grisi, ndicho nilichokuwa nacho, na akajifuta nacho uso.

Desemba bodi ikapiga kura. Wanne kwa watatu, shule ifungwe. Orrin alifanya alivyosema atafanya tangu mwanzo, hakugeuka. Juni milango ikafungwa, na mbele ya karakana yangu kukabaki jengo lenye madirisha matupu. Kila nilipoinua kichwa kutoka kwenye injini, macho yalikwenda pale yenyewe.

Sikumsemesha Orrin. Tukikutana dukani nilipinda kwenda upande wa chakula cha mbwa, nami sina mbwa. Ardis alimsalimu kama kawaida, na hilo nalo likanichoma. Kiangazi chote tulihangaika na wakubwa wa wilaya. Tuliomba mtu wa kukaa na Marit ndani ya basi. Wakatuambia wataliangalia. Tukauliza tena, wakatuambia wanaliangalia. Tulifikiri niwe nampeleka mwenyewe kila siku, lakini ningefunga karakana asubuhi na alasiri, na wateja wangehamia Brandvik kama shule ilivyohamia.

Agosti, siku ya joto kali, Orrin akaingia karakanani. Nilikuwa nimelala chini ya mashine ya kuvunia nikaona viatu vyake. Nikaendelea kukaza nati. Akaongea juu ya mvua. Akaongea juu ya viazi, kwamba mwaka huu majani yana madoa. Akaongea juu ya bei ya mafuta ya dizeli. Nilidhani ataondoka, na kweli akaenda mpaka mlangoni. Hawa watu jambo lao huwa mlangoni.

"Mwaka huu nitakuwa napanda basi," akasema.

Nikatoka chini ya mashine. "Basi lipi?"

"La Brandvik. Asubuhi na jioni. Nimeongea na dereva, na wakubwa wamekubali. Muuguzi wa shule amenifundisha ile dawa ya puani. Amenifanyisha mazoezi kwenye mdoli."

"Kwa nini?"

Akaangalia juu kwenye dari yangu kama anatafuta inapovuja. "Asubuhi sina kazi nyingi."

Ningependa kusema nilimshika mkono. Sikumshika. Nilimwambia afunge mlango, nzi wanaingia. Jioni nilipomweleza Ardis, alikaa kwenye ngazi ya jikoni akalia kwa utulivu, na ndipo nikajua kwamba tangu Juni hakuwa analala, alikuwa anafumba macho tu kwa ajili yangu.

Septemba ikaanza. Kila asubuhi basi la manjano lilisimama mbele ya nyumba, na kupitia dirishani niliona kofia ya Orrin, kiti cha pili, na kichwa cha Marit pembeni yake. Alimfundisha kucheza karata. Marit akaanza kumwita Babu Orrin, nami nikameza. Kila asubuhi simu yangu ilikuwa mfukoni mwa shati, upande wa moyo, na mpaka ufike wakati wa basi kuingia Brandvik sikushika kazi yoyote inayotaka akili. Nilipanga spana. Nilizipanguza, nikazipanga tena.

Oktoba, asubuhi ya umande ulioganda, simu ikalia.

"Eliseo." Sauti ya Orrin haikuwa na mvua ndani yake. "Kimekuja. Tumesimama barabarani, baada ya daraja, karibu na ghala la viazi. Amelala ubavu. Naangalia saa."

Sikumbuki kuwasha pikapu. Nakumbuka barabara ilivyonyooka, ilivyokataa kuisha, na mimi nikimwomba Mungu kwa Kihispania kwa sauti kubwa, kwa maneno ya mama yangu. Shule ingekuwa mkabala na karakana ningekuwa nimeshafika. Nililisema hilo pia, kwa sauti, kwa nani sijui. Mbele kuna lori la viazi. Nikalipita kwenye mstari usioruhusiwa.

Basi lilikuwa limesimama pembeni, taa zake nyekundu zikiwakawaka. Watoto walikuwa wamehamishiwa viti vya nyuma, wamekaa kimya kabisa, hata wale watundu. Dereva akanipisha. Orrin alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu kati ya viti, koti lake limekunjwa chini ya kichwa cha Marit, kiganja chake kikubwa kimemshika bega. Kando ya goti lake palikuwa na chupa ya dawa, imeshatumika. Marit alikuwa analala ule usingizi mzito unaokuja baada ya kifafa. Midomo ilikuwa imerudia rangi yake. Alikuwa anapumua. Niliweka sikio kinywani mwake nikamsikia anapumua.

"Zilipita dakika tano," Orrin akasema. "Nikampulizia kama nilivyofundishwa. Sikujua kama itafanya kazi. Ikafanya."

Mzee wa watu alikuwa analia, machozi yanashuka mpaka kwenye kidevu, na hakuyafuta kwa sababu mkono mmoja ulikuwa kwa Marit na wa pili bado umeshika saa.

"Nilisoma karatasi yote," akasema. "Nilifanya mazoezi. Lakini sikujua ni hivi, Eliseo. Kama ningejua ni hivi…"

Hakuimaliza sentensi, nami sikumsaidia kuimaliza.

"Sasa unajua," nikamwambia.

Nikakaa chini pale sakafuni kando yake. Tulikaa mabega yamegusana, wote wawili tukimtazama mtoto. Nikamshukuru. Nililisema neno lenyewe, kwa uwazi, na nikalirudia, na safari hii hakusema alikuwa anapita tu. Nilimshukuru kwa moyo wangu wote na hasira yangu haikupungua hata kidogo. Kisha nikamwinua binti yangu, mzito kwa usingizi, na Orrin akatangulia kunifungulia mlango.